Alilipwa Alie, Akalia Kweli

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu haujaondoka mabondeni. Clemence Shemhilu ameketi kwenye kigoda mlangoni kwake, kilimani juu ya Rangwi, anasuka tenga la kabichi. Mguu wa kulia ameunyoosha mbele kwa sababu haukunjiki. Wasukaji wenzake hulibana tenga kwa magoti. Yeye analishika kwa mkono, kwa hiyo akisuka moja wao wamesuka mawili.

Miaka miwili iliyopita hakuwa msukaji. Alikuwa mbebaji: gunia la kabichi begani kutoka mashambani hadi lori linaposubiri, shilingi mia tano kwa safari. Bega hilohilo lilikuwa na kazi nyingine isiyolipwa. Vitongoji vya huku havifikiwi na gari, hivyo mgonjwa hushushwa kwa machela, na kila nyumba hutoa mtu.

"Wanagonga mlango tu," anasema. "Huulizi anaumwa nani. Unatoka."

Julai 2005 wakaja watu wa runinga kutoka Dar es Salaam. Soko huria limetuletea mitumba na redio za betri, sasa likatuletea na hili: vijana kumi na wawili wa mjini wanashindana kuishi kijijini huku kamera zikiwatazama. Waliposikia habari za machela wakaipenda, wakaigeuza mchezo. Makundi mawili, kila moja na mgonjwa wake, litakalowahi kufika chini ndilo mshindi.

Clemence akapewa shilingi elfu tano awe mgonjwa.

"Dada mmoja wa kamera akaniambia, 'Baba, ulie, ulalamike. Tena kwa lugha ya kwenu, inapendeza.' Nikasema moyoni, kazi gani rahisi hivi, mtu analala halafu analipwa."

Wabebaji wa hapa hawakimbii. Hutanguliwa na mtu mwenye panga anayefyeka njia na kutaja kila jiwe na kila shimo. Vijana walikimbia, na hawakuwa na mtangulizi. Kwenye mteremko wa pili, mbebaji wa mbele akateleza, machela ikapinduka, Clemence akaangukia mwamba. Goti likapasuka.

Akalia kwa Kishambaa, kama alivyoagizwa.

"Nawaambia goti limevunjika, wao wanacheka. Yule dada ananionyesha dole gumba."

Wanakijiji walikuwa wamezuiwa nyuma ya kamba wasiharibu picha. Jirani yake, mzee Athumani Kaniki, ndiye aliyevuka kamba hiyo, mlinzi akiwa amemng'ang'ania shati.

"Nikawaambia huyu haigizi," anasimulia Athumani. "Mtu anayeigiza hamwiti mama yake aliyekwisha kufa."

Chini, barabara inapoishia, gari la dharura lilikuwa limeegeshwa na muuguzi yumo ndani. Dereva akasema ni la washiriki tu, na kumbeba mtu mwingine lazima apige simu Dar kwanza. Simu yenyewe inashika mtandao kileleni tu. Basi Athumani na wenzake wakalipita gari hilo, Clemence akiwa kwenye machela ileile ya mchezo, wakambeba kwa saa mbili nyingine hadi zahanati.

Miezi michache baadaye Athumani alikuwa Mombo, anakula hotelini, kipindi kikaonyeshwa. Akamwona jirani yake akianguka, na juu ya kilio chake wamebandika vicheko na ngoma. Akaomba runinga izimwe.

"Kijana mmoja akaniambia, 'Mzee, tulia, ndiyo sehemu nzuri yenyewe hii.'"

Mwandishi wa makala haya alipoipigia simu kampuni iliyotengeneza kipindi, alijibiwa kuwa mtu huyo alikwishalipwa na faili lake limefungwa. Kuhusu goti la Clemence hawakuuliza lolote.

Gunia la kabichi sasa analibeba mkewe, Evelina. "Yeye anaona aibu nikitoka nalo," anasema mama huyo. "Mimi namwambia aibu si yako."

Lakini linalomuuma Clemence kuliko goti lilitokea wiki iliyopita. Alfajiri alisikia vishindo vya miguu na sauti ya mtangulizi ikitaja mawe. Mama mmoja wa kitongoji cha juu alikuwa na uchungu wa uzazi. Machela ilipita hatua tano kutoka mlangoni pake. Waligonga kwa jirani wa kushoto, wakagonga na kwa wa kulia.

Tangu siku hiyo, kabla hajashika fito, anashuka na fimbo hadi kona ya kwanza na kupanda tena. Anajua bega lake limekwisha kazi. Anachotaka ni kuwa mtangulizi, walau mpaka konani, kisha mwenye miguu apokee.

"Mawe yote ya hapa nayajua kwa majina," anasema, macho kwenye tenga. "Na hata kama siku hiyo sitaweza, wagonge tu. Niseme mwenyewe kwamba siwezi."