Mtandao Uliotembea

Msinicheke, bado natetemeka. Mimi ni mgeni katika ofisi moja ya mbegu hapa Uriri, na mkubwa wangu, Madam Akeyo, alikuwa ameapa kwamba ripoti yangu isipofika Nairobi kabla ya chakula cha mchana, nirudi kwetu Kegonga nikalime.

Aliniunganishia laptop kwa mtandao unaoitwa "Ofisi", kisha akatoka. Mtandao nao ukapotea. Nikazima laptop, nikawasha. Wapi! Nikaibeba laptop huku nikitazama alama ya mtandao. Barazani ilirudi kidogo, uani ikaongezeka, na nyuma ya jengo ikajaa kabisa. Nikachuchumaa papo hapo, nimeegemea mlango wa bati, jasho likinitoka. Ripoti ikaanza kwenda.

Ghafla mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Nikaanguka chali, nikaona uso wa Madam juu yangu, simu mkononi.

"Unanichungulia chooni?"

"Hapana, Madam! Natafuta mtandao wa ofisi!"

"Yawa! Si mtandao ni wa hii simu yangu?" Akaniwekea kifuani. "Shika, uende nayo. Mimi sijamaliza."