Msiba wa Nyumba ya Mashine

Jengo lenyewe halikuwa na faida kwa mtu yeyote. Lilikuwa nyumba ya mashine ya kusaga, ukingoni mwa mtaa wetu wa Nsemulwa. Baba alipofariki mashine iliuzwa, zikabaki kuta, bati zenye kutu na popo. Watu walimfuata mama wakitaka kupanga, akawajibu kwamba jengo lina mwenyewe. Kila Jumamosi alikwenda kufagia uwanja wake, akalikagua kufuli, akarudi nyumbani.

Mwishoni mwa kiangazi kimoja cha miaka ya tisini, mtu alichoma nyasi za shamba lake, upepo ukageuka, na jengo likaungua mpaka kenchi za paa zikadondoka. Nilishuka kwenye treni, nikitoka chuo kikuu kwa likizo, moto ukiwa umeshazimika. Nilimkuta mama amelala, amejifunika kitenge, ameelekea ukutani. Hakuwa analia. Hakuwa anakula pia. Uji niliompikia aliuonja kwa ncha ya kijiko, akanirudishia kikombe, na kwa kweli ulikuwa na madonge. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Maji tu. Mashavu yakaanza kuingia ndani, nami nikaanza kuogopa kwamba likizo ile ningemzika mzazi wa pili.

Nikamhutubia. Nilikuwa mwaka wa pili, wakati ambao mtu ana maelezo ya kila jambo. Nilimweleza kwamba jengo ni matofali tu, na kwamba wapendwa wetu hawakai kwenye matofali. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa, kisha akaniomba nifunge mlango nikitoka, vumbi linaingia.

Maneno yakiwa yamenishinda, nikachukua chepe nikaenda kusafisha. Mvua zilikuwa karibu na ule ukuta wa mbele ulishaanza kuinama. Nilivaa shati jeupe. Sijui nilifikiri majivu ni ya rangi gani. Jua lilipopanda, viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, na kazi niliyofanya ilikuwa kuhamisha kifusi kutoka kona moja kwenda nyingine.

Ndipo wakaja Wanyamwezi. Walikuwa majirani zetu, na toroli na sururu zao, wakiongozwa na fundi baiskeli mwenye kitambi aliyekuwa rafiki wa baba. Sisi ni Wafipa, na wao ni watani zetu. Hakuna aliyewaita.

"Poleni na msiba," alisema fundi, akavua kofia mbele ya ukuta uliopasuka. "Marehemu alikuwa mnene."

"Nyie Wafipa mnatia aibu," mwenzake akaongeza. "Radi zenu, nyungo zenu za kurukia usiku, halafu moto wa nyasi unawashinda?"

Wakaanza kazi. Kwa muda mfupi walitoa bati zilizojikunja na kuziegemeza kwenye uzio, wakachambua matofali mazima. Nilikuwa nashangaa kasi yao wakati fundi baiskeli alipoanguka chali kwenye majivu ya mlangoni, mikono kifuani, macho ameyafumba. Nilikimbia kuleta ndoo ya maji, nikammwagia yote.

Akafumbua jicho moja. "We msomi, maiti haoshwi na nguo."

"Unaumwa?"

"Nimekufa. Mimi ndiyo hii nyumba. Kamwite mjane aniletee chakula changu kwa mkono wake, la sivyo siinuki."

Nikamwambia naweza kumnunulia chai na maandazi pale barabarani. Alifumba jicho. Wenzake walishaegemea vipini vya sururu.

"Fanya haraka," mmoja akaniambia. "Kwa jua hili marehemu ataharibika."

Desturi ile niliijua. Hata kaburini kwa baba mtani aliingia akalala, akagoma kutoka mpaka alipopewa chake. Ila haikunipitia akilini kwamba jengo nalo linaweza kuwa na msiba, na kwamba mama siku zote hizo alikuwa anafiwa peke yake.

Nilikwenda kumwambia, nikiona aibu. "Mama, yule fundi baiskeli amelala kwenye majivu. Anasema yeye ni nyumba."

Akauliza, bado ameelekea ukutani: "Amelala wapi?"

"Mlangoni."

"Mjinga huyo. Baba yako alikuwa hataki mtu alale mlangoni."

Akakaa. Akajifunga kitenge, akaenda jikoni, akasonga ugali. Nilipotaka kumpokea mwiko alinisukuma kwa kiwiko. Akaunga samaki, mgebuka mmoja mkubwa, akajitwisha sinia na kutembea hadi pale, mimi nyuma yake kama mlinzi asiye na kazi.

"Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka pwani," alimwambia maiti, "wewe matofali haya tu yamekulaza? Amka, unanichafulia kizingiti."

"Sisikii, nimekufa. Onja kwanza. Wafipa mna dawa zenu."

Mama akamega tonge, akalila kwa hasira.

"Onja tena. Huo ulikuwa upande wenye usalama."

Akamega tena.

"Sasa samaki. Dawa mnaficha kwa samaki."

Tonge la nne lilimkuta anacheka, mdomo umejaa, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo, kikubwa, cha sauti, ambacho nilikuwa sijakisikia tangu nirudi. Fundi hakutania tena. Aliinuka, matope yakimchuruzika mgongoni kwa maji yangu, akasogea kwenye kizingiti kumpa nafasi. Mama akaketi. Walikula wote wawili kwenye sinia moja, wakigombea kichwa cha mgebuka, na mama akakipata.

Baadaye nilijaribu kumshukuru fundi, akasema shukrani ya Mfipa haina mchuzi, nilete kuku. Nilimpelekea jogoo, naye akamtukana kwa wembamba wake. Bado naona nilimlipa kidogo sana. Lakini saa ile nilichukua chepe nikawapa mgongo, nikachota majivu yasiyohitaji kuchotwa, kwa sababu Wanyamwezi wakikuona unalia, watakutania mpaka na wewe ufe.