Dawa Iliyonuka Hospitali

Wanaonijua wanajua sinunui kitu kabla sijakinusa. Maziwa nanusa, mafuta ya taa nanusa kama yamechanganywa, hata mkaa naugonga nisikie kama umekauka. Mume wangu hunitania kwamba siku ya harusi nilimnusa pasta kwanza. Nasema haya mapema ili mjue kwamba anayewapa ushuhuda huu hakuwa mjinga. Shaka nilizaliwa nayo Kitui, nikaja nayo Nairobi pamoja na kinu changu.

Nilikuwa nakaa Kisumu Ndogo, Kibera, napika muthokoi, yale mahindi ya kukoboa kwa kinu na maharagwe, na kuuza mlangoni. Jirani yangu alikuwa Mama Achieng, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mabati tu. Akikohoa nasikia, nikikaanga kitunguu anajua. Tuliazimana chumvi na kiberiti, tukaishi vizuri.

Kisha uchaguzi ukaja, matokeo yakatangazwa, mtaa ukageuka. Mkamba kama mimi akahesabiwa upande wa serikali, Mjaluo kama yeye upande ule mwingine, hata kama nyote wawili mnanunua sukari ya kupimiwa kwa kijiko. Mama Achieng akaacha kunisalimia, nami nikaacha kumsalimia. Mume wangu na mwanangu Mutua walikuwa wamekwenda nyumbani kwa Krismasi, barabara zikafungwa wakiwa huko. Nikabaki peke yangu na ule ukuta. Mama Achieng akiongea Kijaluo na wageni wake, nasikia neno "Mkamba" katikati, halafu kicheko. Mengine sikuyaelewa, na hayo ndiyo yaliyonikosesha usingizi.

Siku moja moshi wa polisi, ule wa kutoa machozi, ulitufikia hadi ndani. Tukakimbia kila mtu na njia yake, na bati lililochomoza likanichana shavu la mguu. Nilikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, lakini baada ya siku chache kikaanza kutoa usaha wa manjano wenye harufu. Kliniki ya Sarang'ombe ilikuwa imefungwa. Hata ingekuwa wazi, sikujua nani angenivusha kwenye mawe ya vijana barabarani.

Hali ilipotulia kidogo, binamu yangu Kimeu akaja kwa miguu kutoka Gatina, kule Kawangware, kuniangalia. Aliniletea unga na chupa ya kioo cha kahawia, karatasi yake imebanduliwa nusu.

"Dada, hii ni dawa ya hospitali," akaniambia.

"Umeitoa wapi?"

"Kuna maabara ya watu wa kutengeneza dawa ilivunjwa, vitu vikafika mtaani. Jirani yangu alikuwa na chupa mbili. Nusa mwenyewe."

Nikanusa. Ilinuka hospitali. Ilinuka sakafu ya wodi asubuhi, na ndani yake utamu fulani kama wa lami. Kwangu hiyo ilitosha. Tena Kimeu ni damu yangu. Nikamshukuru, akaondoka mapema asikutwe na giza njiani.

Alasiri ileile nikachovya kitambaa, nikakifunga kwenye kidonda. Kiliwasha kama pilipili kwa muda mfupi, kisha maumivu yakaisha kabisa. Sikuwa nimepata nafuu ya namna hiyo tangu niumie, kwa hiyo nikaongeza. Ikatiririka hadi kwenye kifundo, nikaipangusa kwa kitambaa chenye majimaji, nikafunga tena. Ngozi ilikuwa imegeuka nyeupe na kukunjamana, kama vidole vya mtu aliyefua mchana kutwa. Nikadhani ni uchafu unatoka.

Kisha masikio yakaanza kulia. Jasho la baridi likanitoka, nikatapika chakula chote. Na wala sikuifikiria chupa. Nilifikiria maji. Asubuhi nilikuwa nimejaza mtungi kwenye bomba lililo mlangoni pa Mama Achieng, naye alisimama akinitazama mpaka ukajaa. Nikajiambia, ameniwekea kitu. Ameona niko peke yangu, akanimaliza.

Mlango ukagongwa kwa teke.

"Mama Mutua! Unapika nini huko? Hiyo harufu imejaa kwangu, mtoto anakohoa."

"Niache."

"Nikuache aje? Ni dawa unanipikia, si ndio? Nyinyi Wakamba na uchawi yenu."

Baadaye alinieleza mwenyewe bila haya. Harufu ilipopenya mabati, alijua moja kwa moja kwamba namroga. Alikuja kushika mchawi, akanikuta nimelala sakafuni, mate yananitoka, mguu mmoja mweupe.

"Umepaka nini hapa?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Ya kidonda. Ya hospitali."

Aliinama, akanusa, akarudi nyuma. "Kitu hujui ni nini, unakiosha kwanza," akasema. Akaking'oa kile kitambaa kwa ncha ya ukuni, asikiguse, akatoka na kurudi na mtungi wa maji. Nilipouona nikapiga kelele. Yalikuwa maji ya bomba lile lile. Nikamwambia asinimwagie, ameshaniua tayari, anataka nini zaidi. Akaukalia mguu wangu usio na kidonda ili nisimpige teke, akamwaga.

Mtungi wa kwanza ukaisha akaleta wa pili, na wa pili ukaisha akaleta wa tatu. Bomba lilikuwa limekauka tangu mchana na hakuna aliyejua litarudi lini. Mitungi hiyo ndiyo ilikuwa maji yote ya nyumba yake, ya kupika na ya kunywa. Aliimwaga yote kwenye mguu wa mtu aliyekuwa akimwita muuaji.

Ndugu yake akanipakia kwenye mkokoteni. Kliniki ilikuwa imefunguliwa tena siku iliyotangulia. Njiani vijana walikuwa wameweka mawe, wakauliza mimi ni wa wapi. Mama Achieng akawajibu kwa Kijaluo. Nikajua ameniuza. Lakini wale vijana waliruka nyuma, wakayatoa mawe haraka. Alikuwa amewaambia nina ugonjwa wa kuambukiza.

Daktari alikuwa msichana mwenye macho ya kuchoka. Aliniuliza nimepaka nini, nikasema dawa.

"Mama, ya panya mnaita dawa, ya mende dawa, ya choo dawa. Hii ni dawa ya nini?"

Mama Achieng akamwonyesha chupa, aliyokuwa ameileta ndani ya mfuko wa plastiki, imefungwa kifuniko. Daktari akavaa glavu, akasoma herufi zilizobaki.

"Hii ni fenoli," akasema. "Huko maabara watu huishika wakiwa na glavu nene, miwani na aproni. Inaunguza ngozi huku inaitia ganzi, ndiyo maana ulidhani umepona. Halafu inaingia kwa damu."

"Nilipangusa na maji," nikasema.

"Maji kidogo huieneza. Maji mengi, kwa muda mrefu, ndiyo huitoa. Nani alikuosha?"

Nikamwonyesha Mama Achieng kwa kidole. Niliona aibu kumtaja kwa jina.

Wakaendelea kuniosha, wakanitundikia maji ya mshipa. Mkojo ulitoka wa kijani kilichokolea, karibu mweusi. Daktari alikuwa akiuangalia kila mara na kusema tu, "Tunangoja figo." Nilingoja nikiwa na hofu ya kufa mbali na mwanangu. Siku ulipotoka wa manjano, nililia kwa sauti, na mgonjwa wa kitanda cha pili akadhani nimefiwa.

Mguu ulichukua miezi. Ngozi iligeuka kahawia, ikawa ngumu, ikabanduka, nyama mpya ikaja polepole. Hapo kwenye kovu hata ukinichoma sindano sisikii.

Kimeu naye nilimshuku, sitawaficha. Alipokuja kuniona alikuwa na kidole chenye doa jeupe. "Nilifungua ninuse tu, dada," akasema, akalia. Ile chupa ya pili, yeye na jirani yake waliipeleka kwa daktari bila kuifungua, naye akaiweka mpaka wenye kazi hiyo wakaichukua. Daktari alikataa kabisa imwagwe mtaroni.

Basi nawashukuru walionitibu, na namshukuru Mungu aliyenirudishia figo zangu. Kwenu naomba hivi. Kitu kilichotoka maabara bila maandishi kamili, usikiguse, na usikiamini kwa sababu kinanuka usafi. Kikikumwagikia, vua nguo iliyolowa, jimwagie maji mengi bila kuchoka, kisha ukimbie hospitali na jina la hicho kitu, au chupa yenyewe ikiwa imefungwa. Na maumivu yakiisha ghafla, hapo ndipo uogope. Pua yangu niliyojivunia ilishuku maji safi ya jirani, ikapitisha sumu.

Bado tunakaa ukuta mmoja. Mitungi yake mitatu nilimjazia mwenyewe, nikichechemea. Hatujawa malaika, akiniletea omena nainusa kwanza, naye anacheka. Lakini nikiinjika chungu tu, nasikia mabati yakigongwa.

"Mama Mutua, unapika nini huko?"

"Muthokoi."

"Kweli?"

"Njoo unuse."

Naye huja. Kila siku namwomba Mungu huyu jirani asije akaacha kunishuku.