Samaki Mwenye Watoto Kinywani

Katika miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya misheni katika mji wa Baraka, kando ya ziwa. Kitabu cha sayansi tulichopewa kilitoka Ulaya, na sura ya kwanza ilieleza jinsi dubu anavyolala wakati wa theluji. Wanafunzi wangu hawakuwahi kuona dubu wala theluji. Habari ya kulala waliielewa vizuri, wakaanza kuifanya.

Asubuhi moja nilishuka ziwani nikamwomba mvuvi samaki aliye hai, wa kwenye mawe, mwenye mashavu yaliyovimba. Nikamleta darasani ndani ya beseni la maji, nikasubiri, nikiogopa kwamba hatafanya kitu.

"Anaumwa meno," akasema msichana wa benchi la mbele.

Samaki akafungua kinywa. Wakatoka vifaranga, wadogo kama punje za mchele.

"Anatapika batoto!" akapaza sauti mvulana wa nyuma.

Nikapitisha mkono juu ya maji. Vifaranga wakarudi mbio kinywani, kinywa kikafungwa. Siku ile hakulala mtu. Nikawaeleza kwamba mama huyo hulea mayai na watoto humo kinywani, na muda wote huo hali kitu, au hula kidogo sana.

Kesho yake mama wa yule msichana akasimama mlangoni.

"Mwalimu, mutoto wangu anakatala samaki. Kila samaki anafungua kwanza kinywa yake, anaangalia ndani. Baba yake amekasirika. Sasa tutakula nini? Mawe?"

Nikamwonyesha beseni. Akainama, akapitisha mkono kama nilivyomwelekeza. Vifaranga wakaingia. Akangoja watoke, akarudia.

"Na yeye hakuli?"

"Kidogo sana, mama."

"Na baba yao iko wapi?"

"Alishaondoka."

Akavuta kiti changu, akakaa.

"Endelea kufundisha," akasema.

Nikafundisha hesabu nikiwa nimesimama. Masomo yalipokwisha alijitwika beseni mwenyewe, darasa zima likamfuata hadi ziwani, tukamwachilia samaki majini, kwenye mawe.

Baadaye aliniambia binti yake amekubali kula samaki tena, mradi wawe wamekatwa kichwa. Vichwa vyote sasa anakula baba. Hasira zake, alisema, zimekwisha.