Uzio wa Altare

Juzi nilipita Kabalagala nikitafuta kibarua, nikawakuta mafundi wameng'oa uzio wa mbao uliokuwa mbele ya altare ya kanisa moja. Walikuwa wameuegemeza ukutani, na mmoja ameanika shati juu yake. Ulinifika pajani tu. Hasira ikanipanda.

Kule Naguru, nilipokuwa mtoto, uzio kama huo ulinifika kidevuni. Mama, aliyekuwa akisafisha kanisa, alinichapa siku niliyouvuka kuokota ua. "Huko havuki mtu ila padri!" Nikaamini kwamba hakuna awezaye.

Alasiri moja, miaka ile askari walipokuwa wakikamata watu, kanisa lilinuka nta. Mama alikwenda kuchota maji akaniachia ufunguo wa sakristia, chumba cha nyuma ya altare chenye mlango wa kutokea migombani. Mjomba aliingia mbio, shati limelowa jasho. Nje gari lilifunga breki.

"Nipe ufunguo, haraka!"

"Usitoke, Mjomba, watakukamata! Kaa ndani ya uzio. Huko hawavuki."

"Wewe mtoto, nipe!"

Niliuficha ufunguo mgongoni. Nilijua ninamwokoa.

Waliingia askari watatu. Mmoja aliuruka uzio na buti zake, sigara mdomoni, wala hakujikwaa.

"Wewe, kuja hapa! Wewe nafikiri hii ni nyumba ya mama yako?"

Walimburuta hadi nje. Hatukumwona tena, na ufunguo ulikuwa bado mkononi mwangu.

"Dada, unataka mbao?" fundi aliniuliza pale Kabalagala, aliponiona nautazama ule uzio.

"Nipe shoka kwanza," nikamwambia.