Kihispania cha Safari ya Arobaini

Najua kuomba chumba chenye dirisha kwa Kihispania. Najua kuuliza mlango wa kutokea uko wapi, treni inaondoka saa ngapi, na kumwambia dereva wa teksi apinde kulia halafu aende moja kwa moja. Hispania yenyewe sijaikanyaga. Kihispania changu chote nilikipata Guangzhou, China, ndani ya jengo la Tianxiu, katika ofisi ya mama mmoja wa Kiunguja, tumekaa juu ya marobota ya nguo za watoto huku birika likichemka. Siku hizi nafundisha chuo Morogoro, na nikiwasikia watalii wakizungumza lugha ile, pua yangu hunusa gundi ya kufungia mizigo. Nafurahi, halafu roho inaniuma kidogo.

Mama yule alikuwa mfanyabiashara. Asubuhi alikwenda soko la jumla la Shahe kuchagua magauni na suruali za watoto, mchana akarudi kuzifungasha, na mizigo yake ilishuka Unguja, Dar es Salaam, hata Moroni. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, nimekwenda kwa ufadhili, na siku zisizo na vipindi nilimsaidia kuandika anwani juu ya mizigo. Malipo yangu yalikuwa chakula. Mpaka leo sijala pweza wa nazi wa kumshinda wake, na pweza mwenyewe alinunuliwa kwa Wachina.

Alikuwa na binti mmoja tu. Binti huyo aliolewa na kijana wa Kihispania, wakaenda kuishi mji mdogo karibu na Valencia, na mwaka ule alikuwa na mimba ya kwanza. Kwao Unguja binti akijifungua, mama yake humwendea. Zile siku arobaini mzazi hakai peke yake: anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo kwa kanga, ananyweshwa uji wa pilipili manga, na maji baridi hayamgusi. Mama asiyekwenda husemwa. Lakini huyu hakuwa akiogopa kusemwa. Alinieleza mwenyewe siku moja, tukiwa tunafunga maboksi, wala sikuwa nimemuuliza.

"Mie mwanangu nilimwacha kwa mama yangu angali mdogo, nikaja huku kutafuta. Nimemlea kwa maboksi. Kila sikukuu gauni linafika, mie sifiki. Safari hii nataka nende mwenyewe, na mikono yangu hii."

Shida ilikuwa njia. Ndege ingemshusha Madrid, na kutoka hapo apande treni peke yake, kwa kuwa mkwewe hangeweza kumwacha mke karibu na kujifungua aje kumpokea. Na nyumbani alikuwepo mama wa yule kijana, mtu mwema kwa maelezo ya binti, asiyejua neno lolote ila Kihispania. Mama akaamua kujifunza. Mwalimu nikamtafutia mimi: msichana niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja hosteli, mtu wa Guinea ya Ikweta, ambako Kihispania ni lugha ya shuleni na ofisini.

"Mwafrika mwenzetu huyu, Kihispania kakipata wapi?" Mama aliniuliza pembeni.

"Palepale sisi tulipokipata Kiingereza."

Akacheka, akamkaribisha mwalimu chai.

Miaka yote aliyokaa Guangzhou, Mama alikuwa na Kichina cha sokoni tu. Laoban ni bosi, meiyou ni hakuna, tai gui ni ghali mno, na yaliyobaki aliyamaliza kwa kalkuleta: wewe unabonyeza bei yako, mwenzako anabonyeza yake, mpaka mmoja achoke. Maisha hayo yanawezekana kabisa, nimeyaona. Lakini hakuwahi kumuuliza Mchina njia, wala kumwambia anaumwa wapi. Kihispania kilikuwa lugha yake ya kwanza ukubwani isiyokuwa ya kununulia kitu.

Mwalimu alifundisha kwa maigizo. Yeye alisimamia, Mama alikuwa msafiri, na mimi nikawa kila mtu aliyebaki: polisi wa uwanja wa ndege, mkata tiketi, mwenye hoteli, muuza dawa. Siku ya kwanza tulianza na mlango wa kutokea. Sentensi ni fupi tu, "¿Dónde está la salida?" Mama akaja mbele yangu na mkoba begani, akatabasamu.

"Hola. ¿Cómo está? ¿Y la familia?" Hujambo, habari zako, na nyumbani je?

Nikajibu ni wazima. "¿Y los niños?" Na watoto?

Mwalimu akashika kichwa. Akaniambia nimfasirie Mama kwamba mtu wa uwanja wa ndege hana muda wa habari za watoto.

"Ndiyo maana wamenuna," Mama akasema. "Mie siwezi kumvamia mtu na shida zangu sijamjulia hali. Bora nipotee."

Tulibishana mpaka chai ikapoa, akashinda yeye. Tangu siku hiyo kila igizo lilianza kwa hali ya familia yangu, na familia yangu ya Kihispania ikawa kubwa kuliko ya Morogoro.

Siku ya teksi ndiyo iliyotia fora. Nilikaa juu ya robota, nikashika sahani ndiyo usukani. Mama akanijulia hali, kisha akauliza bei. Nikataja. "¡Muy caro!" akasema, ghali sana hiyo, naye akataja nusu. Mwalimu akaingilia kueleza kwamba teksi za kule zina mita. Mama hakumsikiliza. Alinipa mgongo, akatoka nje polepole hadi kwenye korido. Hiyo ndiyo desturi ya Shahe: mnunuzi anaondoka, muuzaji akiona mgongo anamwita kwa bei mpya. Tukangoja. Mwalimu akachungulia mlangoni, akaniambia nimjulishe kuwa dereva ameshaondoka zake.

"Ataniita tu," Mama akajibu kutoka kule kule.

"Hakuiti, Mama. Kapata abiria mwingine."

"Atarudi."

Ikabidi nitoke mwenyewe nikamwite kwa nusu bei, maana chakula kilikuwa bado hakijapakuliwa na mwenye mwiko alikuwa yeye. Akaingia kifua mbele, akamtazama mwalimu. Baadaye tulimfundisha maneno ya njiani: kulia, kushoto, moja kwa moja, taratibu, simama hapa. Hayo aliyapenda, kwa kuwa alizoea kuamrisha wabeba mizigo. Ungemsikia akipita kwenye korido ya Tianxiu na kigari chake cha maboksi, anawaambia Wachina na Wakongo "¡Despacio, despacio!" kwamba waende taratibu, nao wanampisha.

Duka la dawa lilikuwa somo la "Me duele aquí", naumwa hapa, akajishika kila kiungo mpaka nikamwambia mgonjwa wa namna hiyo hapewi dawa, anasomewa Yasini. Hotelini alitaka kitu kimoja tu, maji ya moto. Guangzhou ilikuwa imemzoesha: pale hata mgahawani unawekewa maji ya moto kabla hujaagiza. Mwalimu akamwonya kwamba Hispania ataletewa ya barafu. "Basi nifundishe ya moto," akasema, na "agua caliente, por favor" ikawa sentensi aliyoitamka vizuri kuliko zote. Nikikumbuka mchana ule, jua la dirishani, sisi watatu tunacheka kwa lugha tatu na nusu, naona kwamba nilikuwa na furaha ambayo sikuijua jina.

Ilipofika majira yale ambayo kuta za Guangzhou zinatoa jasho na nguo haikauki wiki nzima, Mama alipeleka pasipoti yake kuongeza muda wa kukaa China. Pasipoti ikiwa huko huwezi kuombea viza ya kwingine. Hesabu yake ilikuwa nzuri: angerudishiwa, aombe viza, asafiri, na mtoto amkute yupo pale. Lakini mtoto hakungoja. Simu ilikuja Mama yuko dukani Shahe, na habari akanipa mimi mlangoni, mzigo ungali kichwani: kajifungua salama, mtoto wa kike. Alicheka, akashukuru, akaswali rakaa mbili. Kisha akakaa juu ya robota akaangalia mikono yake.

"Mizigo ya watu nimeipitisha kila bandari," akasema. "Mwenyewe sipiti."

Tulifunga boksi dogo, kanga mbili, pilipili manga na chupa ya mafuta ya nazi, tukalipeleka kwa wakala likaondoke kwa ndege kutoka uwanja wa Baiyun. Boksi lilifika haraka. Alipoambiwa limefika aliendelea kufunga suruali.

Alikuja kwenda, baadaye sana, mtoto anatambaa. Safari hiyo sikuwepo na sina la kuisimulia. Ninayoikumbuka ni ile isiyokuwa safari.

Ilikuwa alasiri moja, siku chache baada ya boksi kufika, na kule Hispania ni asubuhi. Binti alipiga simu ya picha, amelala kitandani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Tumbo linamsokota tangu usiku, akasema, na kila akitaka kusinzia linamwamsha. Mume alikuwa kazini. Nyuma yake dirisha lilikuwa wazi, na mezani palikuwa na gilasi ya maji yenye vipande vya barafu. Mama aliyaona yote hayo kwa mtazamo mmoja, nikamsikia anavuta pumzi. Mwalimu wetu alikuwa kwenye mtihani.

"Mwite mama mkwe," Mama akamwambia binti. "Mpe simu. Wewe usiseme kitu, pumzika."

Ikaja sura ya mama wa makamo, miwani puani, wasiwasi umemjaa. Mama akajiweka sawa mtandio.

"Hola. ¿Cómo está? ¿Y la familia?"

Sura ile ikafunguka. Akajibu maneno mengi mno, kwa kasi, anatikisa kichwa, na nadhani hata Mama hakuambulia ila mawili. Haikudhuru. Alikuwa ameshajulia hali, sasa aliweza kuomba.

"Agua caliente, por favor."

"¿Caliente?"

"Caliente. Fría, no. La ventana, por favor, no."

Yule mama akatazama barafu, akatazama dirisha, akaenda kulifunga. Akarudi na beseni linalotoa mvuke na taulo. Na hapo Kihispania cha Mama kikaisha, kwa kuwa hakuna mtu aliyetufundisha namna ya kumkanda mzazi. Kisha akanigeukia.

"Lala hapo."

Nikalala chali juu ya marobota. Akamimina maji ya moto kwenye sufuria, akaiegemeza simu kwenye birika, akachovya taulo, akaanza kunikanda mimi tumbo mbele ya kamera, huku anamwelekeza yule mama mkwe kwa maneno ya teksi. "A la derecha." Kulia. "Despacio." Taratibu. "Todo recto." Moja kwa moja, kushuka kitovuni. "Pare aquí." Simama hapa, bonyeza. Nilikuwa naungua na nilikuwa nataka kucheka, na sikuthubutu lolote. Kule upande wa pili, yule mama alikuwa anafuata, mkono kwa mkono, anarudia kila neno kwa sauti ndogo. Binti akaguna, akasema, "Hapo, hapohapo," na Mama akasema, "Aquí, aquí," na mkwe naye akasema, "Aquí."

Alipomaliza, akavua kanga yake ya begani akanifunga tumbo, zungusha, kaza, chomeka. Yule mama akaitoa ile iliyokuja kwenye boksi, akafunga vivyo hivyo, mara ya pili ikakaa. Kisha wakatazamana tu kwenye vioo vya simu, wote wawili wanahema, mikono imelowa. Mkwe akasimamisha simu juu ya meza, akamchukua mtoto, akatoka naye akinyata.

Binti alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mkono chini ya shavu. Nilinyoosha mkono nikate simu asije akaamka kwa sauti zetu, maana mlangoni mbeba mizigo alikuwa anagonga, anaita laoban, laoban, gari la mizigo linangoja chini.

Mama akanishika mkono.

"Usikate," akaninong'oneza. "Nikenda nyumbani alikuwa akilala chumbani kwa bibi yake, mlango umefungwa. Mie mwanangu sijamwona akilala."

Akavuta robota karibu na simu, akakaa.