Mfungwa wa Mshale

Ungemwuliza Hesbon anaishi wapi, angekuambia Banissa. Kusema kweli aliishi mbele ya mshale. Mshale wenyewe ulikuwa wa mita iliyo ukutani mwa chumba cha mitambo cha kituo cha umeme alikofanya kazi, ukionyesha nguvu ya jenereta mbili za dizeli zinazolisha mji. Kila alasiri, watu wakitoka msikitini, pampu za visima huwashwa zote kwa mpigo ili ngamia wanyweshwe. Hapo jenereta huanza kuyumba: moja ikibeba mzigo nyingine inalegea, kisha zinabadilishana, na taa za mji mzima zinafifia na kung'aa, zinafifia na kung'aa.

Hesbon alizituliza kwa mkono. Mshale ukipanda, anapunguza dizeli. Ukishuka, anaongeza, jasho likimtoka mpaka magharibi. Aliamini akiondoka hata siku moja mji utaingia gizani. Likizo alizikataa mwenyewe, kisha bila haya akalalamika kwamba amefungwa kama mbuzi. Aprili, baba yake alipozikwa kwao Vihiga, mbali sana, alitazama maziko kwenye simu, jicho moja likiwa kwenye mshale.

"Walaal, ndugu yangu, wewe enda nyumbani uzike mzee," Abdijabar, mlinzi wa kituo, alimsihi siku ile.

"Nikienda, mashine nani atazishika?"

Basi juzi akatoka kukagua tangi la mafuta, upepo ukabamiza mlango nyuma yake. Mlango ule haufunguki kwa nje bila ufunguo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Abdijabar, na Abdijabar alikuwa msikitini. Hesbon akabandika uso kwenye nondo za dirisha. Swala ikaisha, pampu zikawaka. Mshale ukaruka juu, ukaporomoka, naye akapiga kelele na kutikisa nondo. Ukapanda tena, lakini si sana. Ukashuka, si sana. Kisha ukatulia tuli.

Akaelewa, na kuelewa kukamuuma. Mashine zilikuwa na kifaa chao cha kujirekebisha. Mkono wake ndio uliokuwa ukichelewa kidogo: alipopunguza dizeli, mshale ulikuwa umeshaanza kushuka, naye akauzidishia mteremko. Miaka yote hiyo alikuwa akisukuma bembea akidhani anaizuia.

Abdijabar akaja mbio na ufunguo, akisema kwa lafudhi yake ya Kisomali: "Bole, walaal! Stima imebotea?"

"Haijapotea."

"Sasa unalia nini?"

"Baba," Hesbon akasema. "Ningeenda kumzika baba."